Kutoka Ayivu Hadi Abuku Ndani ya Nailoni

Niliondoka kwangu Ayivu, pembeni ya mji wa Arua, kwa sababu mama mkwe alikuwa bado hajamshika binti yangu Hawa, na alishaanza kuuliza kama mtoto huyo anafichwa. Ningeweza kwenda kwa basi. Lakini shemeji Rajabu, kaka wa mume wangu, alikuwa na gari jipya la Kichina, la kifahari, lililozinduliwa majuzi tu, na alitaka Abuku yote, kijijini kwa mama yao, ilione. Mimi na mtoto tulikuwa kisingizio.

Asubuhi alikuja mpaka mlangoni. Vitasa vya gari vilikuwa vimezama ndani ya bati. Ukikaribia na ufunguo vinajitokeza vyenyewe kukusalimu. Ndani, viti na milango yote bado ilikuwa imefunikwa nailoni ya kiwandani. Nikakaa kama mkate dukani.

"Shemeji, tutoe hii nailoni? Mtoto anatoka jasho."

"Mama Hawa, ukitoa, watu watajua je iko mpya?"

Tulipouacha mji wa Arua, nilimwambia nimesoma kwenye simu watu wakilalamika kwamba magari ya namna hii yakigonga, milango inagoma.

"Hiyo iko wivu ya mitandao. Hii ilipata nyota zote za mtihani wa kugongwa."

"Nani aliigonga?"

"Wenyewe waliotengeneza."

Vizuri. Na mimi shuleni ningejisahihishia mitihani, leo ningekuwa daktari.

Baada ya Maracha alianza kunionyesha namna kiti kinavyokanda mgongo. Kidole kilikuwa kwenye kioo kikubwa cha kugusa, kile kinachofanana na televisheni. Macho pia yalikuwa huko. Upande wa Dranya ng'ombe dume akakatiza barabara bila haraka. Rajabu akakwepa, tukajichomeka kwenye lundo la murramu, udongo mwekundu wa kutengenezea barabara. Mlango wake ukazikwa kwenye udongo. Kile kioo kikazima, na kila kitu kikazima nacho.

Nikabonyeza kitufe cha mlango. Kimya. Nikabonyeza tena. Hawa analia, na chini ya miguu yetu inatoka harufu ya waya unaoungua.

"Fungua mlango, Rajabu!"

"Umeme imekufa. Ngoja, napigia mwenye kuuza."

Akapiga simu kweli! Kule nje wanawake waliokuwa wakilima mihogo walikuja mbio, wakapapasa bati wakitafuta pa kushika. Hapakuwepo. Kitasa kilikuwa kimelala ndani kama mheshimiwa.

"Mutoto iko ndani!" mmoja akapiga kelele, akainua jembe.

"Usivunje!" Rajabu akalia. "Kioo yake inatoka China!"

"Na mutoto inatoka wapi?"

Nikamfunika Hawa kwa kanga na kumgeuzia mgongo wangu. Jembe likagonga mara kadhaa, kioo kikamwagika, mikono ikampokea mtoto wangu, halafu mimi. Rajabu alitoka mwisho, kwa kutambaa, simu sikioni.

Harufu ilipoisha, mama yule mwenye jembe aliingiza mkono kuchukua mfuko wa nepi. Nailoni ya mlango ikamzuia, akaichana. Chini yake kulikuwa na kifuniko kidogo, na chini ya kifuniko, kamba nyekundu. Akaivuta. Mlango ukafunguka taratibu, kwa adabu zote.

Waliotengeneza gari waliificha kamba. Shemeji akaficha mahali ilipofichwa.

Mchana tuliingia Abuku kwa boda. Uwanja ulikuwa umefagiliwa kwa ajili ya gari, majirani wamevaa. Mama mkwe alimshika Hawa, akatoa punje ya kioo kwenye nywele zake, akasikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Rajabu, hiyo nailoni ungetoa lini?"

"Ikizeeka, mama."

"Na mjukuu wangu angezeeka lini?"



Kurudi Arua nilipata nafasi ya mbele, kando ya dereva, kwenye lori kuukuu lililobeba mtama. Mlango wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilichojifunza safari hii ni kidogo: kabla ya kuuliza gari linakwendaje, uliza unatokaje. Nikaufungua mpira, nikaufunga, nikaufungua tena, nikaufunga.

"Mama, iko shida?" dereva akauliza.

"Hakuna. Sasa twende."