Majani Yaliyopimwa Mabichi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupima malisho, huko Kirumba, shefu wa sekta hakunipa kiti. Alinipa mundu, mfuko na kadre, yaani mbao nne zilizopigiliwa misumari, kila upande mita moja. Tukapanda hadi malishoni. Akanigeuza niyape majani mgongo.

"Tupa nyuma yako," akasema. "Ukichagula mwenyewe, utachagula fasi majani inaota muzuri, na hesabu itakuwa ya bongo, ya uongo."

Kadre inapoangukia, unakata majani yote yaliyo ndani yake, unayaanika mpaka yakauke kabisa, ndipo unayapima. Unarudia mara nyingi, unatafuta wastani, unazidisha kwa ukubwa wa malisho. Nusu unaiacha ardhini ili majani yaote tena; nusu ya pili ndiyo chakula cha ng'ombe, nayo unaigawa kwa wanachokula kila siku, upate idadi ya siku.

Baadaye nilihamishiwa Butembo, chini ya agronomu mkuu, mtaalamu wa kilimo, mtu wa haraka. Wakati huo watu walikuwa wakikimbia vita vilivyokuwa upande wa Oicha. Mama Masika alifika na ng'ombe wanne, mali yote iliyombakia. Tata Paluku, aliyelisha ng'ombe wake kwenye kilima chake nje ya mji, alikubali kumpokea, lakini alitaka kwanza kujua kama majani yatatosha kiangazi chote.

"Rapport naitaka kesho asubui," agronomu akaniambia.

"Shefu, mvua imenyesha jana, majani iko na maji mingi. Inaomba siku tatu ya kukausha."

"Kadiria tu, Katungu. Uko na experience."

Nikayapima mabichi, nikakadiria. Niliandika kwamba yatatosha miezi miwili, yaani kiangazi chote, na Paluku akafungua ua.

Mwezi mmoja haukutimia, kilima karibu chote kikabaki udongo mtupu. Ng'ombe mmoja wa Paluku alilala asiamke, kisha mmoja wa Masika. Siku niliyopanda huko, nilimkuta Paluku mlangoni mwa ua, fimbo mkononi.

"Nilikupokea, sasa unanimalizia ngombe!" alimwambia Masika. "Ondoa zako!"

Masika alikuwa analia bila kujitetea. Ningeweza kusema ni jua la mwaka huo.

"Tata, huyu mama hana kosa," nikasema. "Ni miye nilipima majani mabichi, nikabahatisha."

Paluku akanigeukia. "Na ile karatasi yako ilikuwa na cachet, muhuri ya serikali," akasema, kisha akaiweka fimbo chini.

Nilipima upya majani machache yaliyobaki, nikayaanika siku tatu juu ya bati la nyumba yake. Hesabu ilitoa siku kumi na moja tu. Paluku akauza ng'ombe watatu, Masika mmoja, waliobaki wakaifikia mvua. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, jueni kwamba shefu atawaharakisha, lakini mwenye ng'ombe ndiye atakayelipa haraka hiyo.

Nilimalizia kazi Beni. Siku yangu ya mwisho, directeur, mkuu wa ofisi yetu, aliomba makadirio ya malisho fulani ya Oicha. Nilikuwa nimetoka kuyakata majani yake.

"Inaomba siku tatu," nikamwambia.

"Mais, Mama Katungu, lakini kesho unaingia pensheni!"

"Najua, shefu."

Majani yalikauka juu ya bâche, turubai la plastiki, uani kwangu, mtaa wa Beu. Siku ya tatu niliyapima, nikaandika hesabu, nikaipeleka bureau, ofisini, kwa miguu. Chini yake niliweka jina langu tupu, bila cheo.