Mshipi Usiokatika

Mume wangu alirudi kutoka Tanga na rola mbili za mshipi wa kuvulia, akaziweka mezani. Mmoja ulikuwa wa kusuka, laini kama uzi wa kufumia sweta. Wa pili ulikuwa florokaboni, mwangavu, ukiutia majini huuoni. Muuzaji alimwambia wa kusuka haunyumbuki wala haukatiki ovyo; ule mwembamba wa florokaboni ukivutwa sana hukatika.

"Basi tumia huo unaokatika," nikasema.

Akacheka. "Mama watoto, nani anataka mshipi wa kukatika?"

"Mtu asiyejua kuogelea."

Huku kwetu Malindi, hii ya milimani, si ile ya pwani, tunajua kupandisha gunia la viazi, lakini maji yakipita goti tunarudi nyuma. Bwawa lililo chini ya shamba letu lina ukingo wa mawe yenye utelezi, na kina chake hakuna aliyewahi kukipima. Kambale wa humo alikuwa amemkatia mishipi yote, na wenzake walimcheka mpaka akawa halali vizuri. Niliogopa kule kukosa usingizi kwake kuliko bwawa lenyewe.

Alichukua wa kusuka. Kisha akauzungusha kwenye kifundo cha mkono, kama tunavyofanya na kamba ya ng'ombe tukimpeleka mnadani, asituponyoke.

"Ng'ombe hakuvuti kwenye kina," nikamwambia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alfajiri nilimfuata bwawani na mundu, nikajifanya nakata majani ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata vyura walikuwa kimya. Sikusikia kelele yoyote. Nilipoinua macho alikuwa amepiga magoti, kisha nikamwona maji kiunoni, mkono umenyooka mbele kama anayesalimiana na mtu. Alijaribu kuufungua mshipi, lakini ulikuwa umeshazama kwenye nyama. Niliingia majini kwa hasira, nikaukata kwa mundu, nikamburuta kwa kola ya shati.

Zahanati walimshona. Muuguzi aliuliza kama ni waya uliomkata.

Jumapili, niliporudi kutoka ibadani, nilimkuta amekaa kizingitini, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Kwenye paja alikuwa na ile rola ya kusuka. Nikadhani anataka niitupe. Akaninyooshea mkono wa kushoto.

"Nifungie, mama watoto," akasema taratibu. "Huu bado mzima."