Fundo la Kadi za Natsue

Natsue Okabayashi hakuwahi kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa, na hakuona sababu ya kuanza kwa ajili ya harusi. Aliuza matrekta madogo yaliyotumika mjini Ino, biashara aliyoianzisha peke yake baada ya mume wa kwanza kumwacha. Sasa alikuwa anaolewa na Teppei, mkulima wa yuzu, ndimu za Kijapani, huko mlimani, na kadi za mwaliko alitaka kuzibuni mwenyewe: ziwe na sura ya shamba, lakini anayezishika aone heshima.

Kwenye kiwanda cha karatasi aliona rundo la karatasi limetupwa pembeni.

"Hizi zina vipande vya maganda ya mti," alimwambia mwenye kiwanda. "Nani atanunua?"

"Watu wa Tokyo wanazigombania, dada."

"Basi wasubiri hao wa Tokyo. Mimi niko hapa, na gari liko nje."

Akaondoka nazo kwa bei aliyoitaka yeye.

Nyumbani hakushika mkasi. Alichovya brashi kwenye maji, akapiga mstari, akavuta taratibu, na ukingo ukachanika ukabaki na nyuzi laini kama manyoya ya kifaranga. Alijaribu majani makavu, akajaribu muhuri wa nta. Kila alichoongeza kiliishusha kadi hadhi, akaviondoa vyote. Yakabaki maneno machache ya wino mweusi mzito, nafasi kubwa tupu, na kamba ya katani iliyofungwa fundo la masikio mawili, kama la viatu vya mtoto. Alizipenda.

Kadi ya kwanza yeye na Teppei waliipeleka kwa Shigeno, mama yake Teppei. Mama huyu hakuwa amesema kama atakuja harusini. Asipokuja, ukoo mzima ungebaki nyumbani, na Natsue angemaliza maisha yake katika ua mmoja na mwanamke asiyemtambua.

Shigeno aliigeuza kadi, akapapasa ukingo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akavuta ncha ya kamba kwa kidole kimoja. Fundo likafunguka, kamba ikaanguka mkekani.

"Hili ni la zawadi ya mtoto mchanga," alisema. "La mambo tunayoomba yarudi tena. Harusi hufungwa kwa kukaza. Au binti unategemea kuolewa mara ya tatu?"

"Mama, jamani!" Teppei akasema.

"Wewe kunywa chai yako."

Natsue aliona haya. Jambo hilo alilijua tangu utotoni. Kila bahasha ya harusi aliyowahi kutoa ilikuwa na fundo la kukaza. Macho yalifuata urembo, akasahau. Lakini hakuwa mtu wa kulia mbele ya mteja.

"Nimekosea, Mama. Nilitazama sura tu. Nikizipeleka hivi watu watacheka, na hawatanicheka mimi peke yangu. Zote ziko garini. Nionyeshe, nizifunge upya hapa hapa."

"Hapa? Kwangu?"

"Kwako. Ukiona lililolegea, likate."

Shigeno aliokota kamba, akaizungusha, akaikaza hadi vidole vikapauka, ncha mbili zikasimama juu kama pembe za mbuzi.

"Kamba si mbaya. Mikono ndiyo mibaya. Tena, angalia."

Walifunga mpaka chai ikapoa. Shigeno alikata nyingi za mwanzo, bila huruma.

"La kwangu lilikazwa kweli," alisema. "Na bado baba yake huyu alikuwa akishinda kutwa kwenye kamari ya farasi maisha yake yote."

"Lakini alirudi nyumbani," Natsue akasema.

"Alirudi na njaa."

Wakacheka wote wawili. Shigeno akaweka kadi yenye jina lake kando, akajishika kiuno.

"Kimono yangu nyeusi ya kuvaa harusini iko kwenye sanduku juu ya kabati, inanuka dawa ya nondo. Itahitaji kuanikwa. Sanduku lenyewe siliwezi."

Teppei alifungua mdomo. Natsue akamkanyaga mguu. Mteja akishakubali, hakuna cha kuongeza. Aliinuka, akaenda kulishusha.