Jumapili ya Mwisho ya Kuni za Mzee Wilmar

Saa nne asubuhi, nyuma ya mgahawa mmoja wa Randburg, Firmin Mugisho ameshateketeza nusu toroli ya kuni na bado hajagusa nyama. Mteja wa kwanza anamchungulia kwa jicho la njaa. Firmin hana habari naye.

Ndivyo wanavyochoma watu wa Uruguay: moto unakokwa pembeni, kuni zikishageuka makaa yanavutwa kidogo kidogo chini ya wavu. Mbavu za ng'ombe, utumbo, chumvi ya mawe, basi. Mwali haugusi nyama.

Firmin, mzaliwa wa Bukavu mwenye miaka arobaini na mitatu, hakuyajua hayo alipoajiriwa miaka kumi na moja iliyopita. Siku ya kwanza alitupia nyama kwenye ndimi za moto, akapepea kwa kifuniko cha sufuria kama muuza mishikaki mwenye foleni. Mwenye mgahawa, Mzee Wilmar wa Montevideo, Uruguay, hakugomba. Aliitoa nyama, akampa mbwa, akamkalisha Firmin autazame moto mpaka jioni.

"Ule imbwa alikula muzuri kunipita," Firmin anasema.

Tangu hapo, kila asubuhi wawili hao walikunywa kinywaji cha kwao Mzee kiitwacho mate, majani machungu yanayotiwa maji moto kwenye kibuyu kidogo na kufyonzwa kwa mrija wa chuma. Kibuyu ni kimoja, kinapokezanwa, na kina sheria yake: anayeshukuru ametosheka, hajaziwi tena. Mzee hakuwahi kushukuru.

Mwezi wa tano, ugonjwa wa ini ukiwa umemlaza Mzee, Firmin alikwenda kumjazia kibuyu kitandani. Mzee alifyonza mara moja, akarudisha kibuyu.

"Akasema asante," Firmin anasimulia, akichokonoa makaa yasiyohitaji kuchokonolewa. "Nikamujazia tena, kwa ubishi tu. Hakukunywa."

Alizikwa wiki iliyofuata.

Sasa mjane, Mama Nélida, ameuza mgahawa. Mmiliki mpya analeta jiko la gesi. Leo kuni zinawaka kwa mara ya mwisho. Kwa randi 5,400 kwa mwezi na watoto watatu wa kulisha nyumbani Malvern, Firmin amekubali kubaki. Mpishi mwenzake, Pitchou, anamtania kwamba hatimaye atanukia kama binadamu. Firmin anacheka kidogo, kisha anajifuta macho, akisingizia moshi.

Ule wavu mweusi amepewa yeye. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, atauweka kando ya Jules Street, mtaani kwake, awachomee majirani kwa kuni. Mama Nélida ameahidi kuja, ila hataki kupewa ubavu wa kwanza kuiva. Huo mumewe aliula mwenyewe kila mara, kwa kujificha, amesimama.

"Ule nitaukula miye," Firmin anasema. "Kwa kusimama, kama yeye."