Futi Tatu za Mwalimu Njoka

Mwalimu Njoka alikuwa na roho ngumu, na si mimi niliyemwekea. Tangu baba yao awagawie shamba karibu na mtaa wetu wa Dallas, yeye na mdogo wake Ndwiga hawakusalimiana tena, hata kanisani. Kila mmoja aling'oa kahawa yake, akakata ploti, akauza. Palipokuwa na udongo wa kunywa mvua pakawa saruji na mabati matupu.

Injinia Kawira akaja kupanga mitaro. Akasimama mpakani penye matoka, yale maua waliyopanda wazazi wao kuonyesha mwisho wa shamba.

"Mwalimu, bonde la maji ni hapa. Wewe toa futi tatu, na Ndwiga atoe tatu."

"Nimpishe Ndwiga? Ng'o! Na anayeng'oa matoka hulaaniwa, hujui?"

"Na mama yenu, anayekaa pale chini?"

"Maji yapite kwa Ndwiga!"

Laana gani! Chuki ndiyo iliyokuwa ikisema. Akajenga ukuta wa mawe kwake, maji yamgeukie Ndwiga. Ndwiga naye, si ni damu moja, akajenga wake. Matoka yakabaki katikati, kwenye kichochoro.

Mvua ya Aprili ikamwagika. Maji ya paa zote yakaingia kati ya kuta mbili, yakakosa pa kutawanyika, yakashuka kwa hasira hadi mlangoni kwa mama yao, Mama Cicily. Njoka alipofika, jiko lilikuwa limebomoka, mbuzi amekufa, na mama amekaa juu ya meza, anatetemeka. Ndwiga alikuwa amefika pia.

"Ni ukuta wako, shetani wewe!" Njoka akamfokea.

"Nani alianza kujenga?"

Wakatukanana matope yakiwa magotini, wala hakuna aliyemshika mama mkono. Akashuka mwenyewe. Akapanda kichochoroni, akainama, akaanza kung'oa matoka, moja baada ya jingine.

"Mama, wacha!" Njoka akalia kwa hofu ya kweli.

"Niliyapanda na baba yenu. Nimeyang'oa. Laana inipate mimi niliyewazaa. Haya, chimbeni!"

Wakabomoa kuta, wakachimba mtaro. Ni mzuri, hata mvua kubwa haiushindi. Lakini pale chini hapana mtu. Mama alihamia kwa dada yake kule Gachoka, na Njoka akienda kumwona huambiwa amelala.