Malkia wa Uholanzi na Daftari la Kwaya

Nakumbuka Jumapili moja huko Louisville, ibada imekwisha na watu wanapakua wali, Mama Nyamvura aliponivuta mkono tukakae pembeni. Wakati huo nilikuwa rais wa vijana na kiongozi wa kwaya. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Usicheke, mwanangu, cheo hicho nilikuja nacho kutoka kambini Burundi, na hakuna aliyethubutu kuniambia kwamba ujana una mwisho.

Nyimbo zetu zote nilikuwa nimeziandika katika daftari moja, na daftari lenyewe nikalifungia kwenye buti la gari. Binti yangu Neema, aliyenizidi sauti na kichwa cha muziki, aliomba alichukue awafundishe wenzake. Nikamwambia asubiri. Alisubiri miaka miwili, na wiki ile alikuwa akifunga mizigo ahamie Columbus.

Mama Nyamvura alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mmoja wa wazee wake alikuwa ajuza wa Kiholanzi, asiyechoka kumsimulia habari za malkia wa kwao.

"Bon, sikia," aliniambia kwa Kiswahili cha kwetu kilichochanganyika na Kifaransa. "Ule malkia alikuwaka mukimbizi kama siye. Vita ilimukuta angali mutoto mudogo, mama yake akamukimbiza Canada, hapa karibu. Mama wa mama yake ndiye alikuwa malkia. Akamuachia binti yake, na ule binti akamuachia huyu. Huyu naye alitawala miaka makumi tatu na tatu. Kisha akakaa ku meza, akasaini mbele ya batu, akatoka inje kuonyesha mutoto wake: mufalme ni huyu. Hakukufa, hakufukuzwa. Leo banamuita tena binti wa mufalme, kama zamani. Donc, yeye aliachilia inchi. Weye unashindwa kuachilia daftari?"

Nilikula wali wangu ukiwa umepoa.

Alhamisi Neema akaondoka. Aliniaga kwa Kiingereza, yeye ambaye siku zote alinisemesha Kiswahili. Iliniuma sana, na bado daftari likabaki ndani ya buti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: baada ya mwaka kwaya ilibaki na watu wanne, wote wenye mvi, na mimi rais wao wa vijana.

Ndipo nikaendesha gari hadi Columbus, mtaa wa Linden, nikamkuta anafundisha kwaya ya vijana sebuleni kwake. Nikampa daftari mbele yao wote, nikamwomba msamaha. Alilifungua, akapekua kurasa chache, akalifunga.

"Papa," akasema, "hizi zote nazijua kwa kichwa tangu nikiwa mudogo. Nilikuwa nataka unipatie weye mwenyewe."

Siku hizi tumehamia wote Buffalo, kando ya barabara ya Bailey. Neema anaongoza kwaya, mimi naimba sauti ya besi safu ya nyuma, na nikikosea ananirudisha mwanzo kama wengine.

Mwanangu, cheo ni dhamana. Ukikalia kiti, mwandae mapema atakayekifuata, kisha umkabidhi kwa mkono wako, ungali mzima, watu wakiona. Usidhani anangoja kitu ulichoshika. Huenda anacho tayari, anangoja neno lako tu. Mungu aliyetuvusha njia zote zile akupe kazi njema ya kushika, na siku ya kuiachia akupe moyo mwepesi, uketi nyuma uisikie ikiendelea bila wewe, na ufurahi.