Mistari ya Parallel

Juzi nilikuwa kwa saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, pale Nkubu, nikingoja karatasi zangu zichapishwe. Mbele yangu walikuwa mama na binti yake, aliyemaliza kidato cha nne na anayetaka kusomea uuguzi; mwenye saiba alikuwa akiwajazia fomu ya kuomba nafasi chuo kikuu.

“Mama,” mwenye saiba akasema kwa upole, “kwa regular, serikali inasaidia kulipa, lakini alama zake zinafika kilimo tu. Uuguzi atapata kwa parallel, na hapo mnajilipia wenyewe.”

Mama akamgeukia binti. “Parallel ni nini?”

“Ni mistari miwili inaenda pamoja lakini haikutani,” binti akajibu, kama aliyeulizwa darasani.

Mama akatazama vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa majani chai. “Kumbe. Basi mmoja ni hiyo uuguzi, na ule mwingine ni kikapu yangu.”

Binti akacheka, halafu akafuta macho. “Weka kilimo,” akamwambia mwenye saiba.

Nikachukua karatasi zangu, nikatoka nikitafuta mtu wa kukasirikia. Sijui ni nani aliyeibatiza njia ile parallel, lakini hesabu aliijua vizuri sana.